Dekio la ndoo tatu, la kasha au lililoloweshwa kiwandani: lipi linafaa chumba cha daraja B?

Msimamizi_Zamu

Wakuu, naomba tulinganishe vifaa vya kupigia deki kwenye chumba cha daraja B (chumba safi cha kutengenezea dawa tasa, ngazi moja chini ya daraja A), kile kinachozunguka mashine ya kujaza vichupa vya sindano. Chumba chenyewe: sakafu ya epoksi mita 10 kwa 6, kuta za paneli zenye kimo cha mita 2.7, dari ya paneli hizo hizo. Ukipiga hesabu ni mita za mraba 60 za sakafu, 86 na ushee za kuta na 60 za dari. Dawa ya kila siku ni ya jamii ya kwati (misombo ya amonia ya kwatenari). Mara moja kwa wiki inaingia haidrojeni peroksaidi yenye asidi ya perasetiki kwa ajili ya spora (maumbo sugu ya bakteria), kisha mabaki yanafutwa kwa maji ya sindano (maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha dawa za sindano). Muda wa dawa kukaa ikiwa mbichi uliothibitishwa ni dakika 10 kwa zote mbili.

Yaliyo mezani ni haya:

1. Ndoo tatu za stenlesi juu ya toroli, pamoja na dekio bapa la poliesta linalofuliwa na kupita kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke).
2. Dekio kavu, tasa, la kutumia mara moja. Yanapangwa kwenye kasha na kumiminiwa dawa kwa kipimo.
3. Dekio linalofika likiwa limeshaloweshwa dawa, ndani ya mfuko uliopigwa mionzi ya gama.

Bei tutazijua kwa wauzaji. Hapa nataka hoja za kiufundi.

Mikrobu_Nairobi

Nianze na ndoo tatu, maana ndizo wengi tumezizoea. Mpangilio wake una nia njema: unachovya kwenye ndoo ya dawa, unapiga deki, unasuuza kwenye ndoo ya pili, unakamulia kwenye ya tatu, unarudi kwenye dawa. Uchafu unabaki nyuma. Tatizo ni maji yanayobaki kwenye dekio baada ya kukamua, kwa sababu hayo yanaingia kwenye dawa kila unapochovya.

Chukua ndoo yenye lita 10 za dawa. Tuseme kila mara dekio linaingia na mL 100 za maji ya suuza na kutoka na mL 300 za dawa. Ukichovya mara 10, nguvu ya dawa imeshuka kwa takriban asilimia 10. Ukifika mara 20 imeshuka kwa zaidi ya asilimia 20, na ndoo imebaki na lita 6. Kama ulithibitisha dawa kwa kiwango cha chini kabisa cha lebo, mita za mwisho za sakafu zimepigwa na dawa ambayo hukuithibitisha. Kwa hiyo anayebaki na ndoo aweke kikomo cha eneo, kisha amwage na kuanza upya. Asijazilize. Dawa mpya juu ya mabaki ya zamani ndiyo njia rahisi ya kufuga *Burkholderia cepacia*, *Pseudomonas* na *Serratia*. Hawa wanaweza kuishi ndani ya kwati iliyozimuliwa.

La pili ni nyuzi. Pamba na selulosi zinaikamata kwati na kuishikilia, hivyo sakafu inapata maji yenye dawa kidogo kuliko unavyodhani. Poliesta tupu inashika kidogo. Mikrofaiba yenye mchanganyiko wa poliamidi iko katikati, ipimwe kwanza. Kipimo chenyewe: lowesha dekio, liache muda ule ule litakaosubiri kazini, likamue, upime dawa iliyokamuliwa. Wengi wanapima ile ya kwenye ndoo na kuridhika.

Deki_Makini

Naunga mkono, ila hoja kubwa zaidi ni ujazo. Dekio ni chombo cha kubebea dawa tu. Swali la kujiuliza kabla ya yote ni hili: kila mita ya mraba inapata mL ngapi, na inabaki mbichi dakika ngapi?

Kujua ni rahisi, unahitaji mizani na saa:

- Pima dekio lililoloweshwa, mfano gramu 470 (kavu gramu 120, dawa 350).
- Piga deki eneo ulilopima kwa futi, mfano mita za mraba 11.
- Pima tena. Likiwa gramu 250, umeacha gramu 220, sawa na mL 20 kwa kila mita ya mraba.
- Washa saa pale pale, uangalie sehemu tatu: chini ya difyuza ya HEPA (tundu la kuingizia hewa iliyochujwa), katikati ya chumba, na mbele ya grili ya kurudishia hewa.

mL 20 kwa mita ni utando wa mikromita 20 tu. Hewa ya daraja B haikuhurumii. Chini ya difyuza panakauka kwanza. Pakikauka dakika ya sita, dakika zako 10 ni za kwenye karatasi. Hapo unaongeza hadi mL 30, na dekio hilo hilo sasa linatosha mita za mraba 7, au unapita mara ya pili kabla ya kukauka, na utaratibu wa maandishi uiseme hiyo mara ya pili.

Angalia pia mita mbili za mwisho za kila dekio. Mwanzo linaachia nyingi, mwisho linaachia kidogo. Wastani wa mL 20 unaweza kuficha mwanzo wa 30 na mwisho wa 9. Eneo la dekio moja liamuliwe na mita hizo za mwisho.

Kwa kigezo hiki ndoo inashindwa vibaya, kwa sababu kipimo kiko mikononi mwa anayekamua. Mwenye nguvu anaacha dekio karibu kavu, aliyechoka analiacha linachuruzika. Kasha linampa kila mtu kipimo kimoja.

Fundi_Otoklevu

Mdau hapo juu, kasha nalo lina ujanja wake. Ukimwaga dawa juu ya rundo la madekio 15, ya chini yanaogelea na ya juu yanabaki nusu kavu. Kwa mL 350 kila moja, hiyo ni lita 5.25: mimina nusu, geuza kasha, mimina nusu nyingine, funika, subiri kama dakika 30. Kisha pima uzito wa dekio la juu, la kati na la chini. Tofauti ikiwa kubwa, punguza idadi kwenye kasha.

Kuhusu dekio la kufua na kurudisha, sikubali litupwe kirahisi. Linafanya kazi, ila liko ndani ya mnyororo mrefu na kila pingili lazima ishike:

Kufua. Hakuna kilainisha nguo hata tone, kinapaka nyuzi na dekio halinyonyi tena. Suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyosafishwa, siyo ya bomba.

Otoklevu. Huu ni mzigo wa vitu vyenye vinyweleo, kwa hiyo unahitaji mzunguko wa kuvuta hewa kwanza kwa mipigo kadhaa ya vakyumu. Mzunguko wa kawaida wa vimiminika hauondoi hewa iliyojificha katikati ya dekio; sensa inasoma 121 °C kwa dakika 15 huku katikati ya mfuko mvuke haujafika. Fanya kipimo cha Bowie-Dick (cha kuhakiki kuwa hewa inatoka na mvuke unapenya) kila siku kabla ya mzigo wa kwanza. Panga mifuko ikiwa imesimama, isibanane.

Kukausha. Mfuko uliotoka na unyevu umeshindwa, hata kama namba zote za joto ni nzuri. Karatasi iliyolowa inapitisha vijidudu. Pima uzito wa mfuko kabla na baada.

Uchakavu. Poliesta inachoka. Kingo zinaanza kufumuka na dekio linamwaga nyuzi. Kila dekio liwe na alama ya kuhesabia mizunguko, na kikomo ukiweke kutokana na vipimo vyako vya chembechembe, siyo kwa kukadiria kwa macho.

Msimamizi_Zamu

Asanteni. Swali la haraka: kuna wanaopendekeza haipokloraiti (dawa ya klorini, kama jiki) badala ya peroksaidi kwa spora, maana inapatikana kila mahali. Inafaa?

Mikrobu_Nairobi

Spora inaziua, ikiwa safi na yenye nguvu ya kutosha. Kwa 5,000 ppm (sehemu kwa milioni) kutoka kwenye ya asilimia 5 unachukua lita 1 na lita 9 za maji. Ila uipokee na gharama zake: inachimba vishimo kwenye stenlesi, hata ya 316L inayostahimili kutu zaidi, ikiachwa ikauke, inaharibu poliamidi kwenye mikrofaiba, inaacha chumvi nyeupe inayohitaji kusuuzwa, na uchafu kidogo tu wa protini unaimaliza nguvu. Na ya dukani haiingii daraja B. Inatakiwa iwe tasa.

Tahadhari ya usalama: haipokloraiti na asidi ya perasetiki zisikutane ndani ya ndoo moja wala dekio moja. Inatoka gesi ya klorini. Mwenye kutumia zote mbili awe na vyombo vya rangi tofauti.

Kwenye pleti za mguso (zinazobanwa juu ya uso ili kuotesha vijidudu vilivyobaki) hakikisha kuna vizimishi vya mabaki ya dawa: lesithini na polisobati 80 kwa kwati, thayosalfeti kwa klorini. Kikomo cha daraja B ni koloni 5 kwa pleti ya mm 55. Pleti isiyo na kizimishi ikitoka sifuri, haijakwambia kitu. Mabaki ya dawa yanaweza kuwa yamezuia vijidudu kuota juu ya pleti yenyewe.

Ugavi_Dar

Nizungumzie chaguo la tatu, lililoloweshwa kiwandani. Uzuri wake ni dhahiri: hakuna kuchanganya, hakuna kupima, cheti cha kila toleo kinakuja na kipimo cha mionzi. Kwa kiwanda ambacho hakina maji ya sindano ya ziada wala chumba cha kuandalia dawa, ni ahueni kubwa.

Lakini kwa sisi tunaoagiza kupitia bandarini, kuna mambo matatu.

Usafirishaji. Vitambaa na madekio yaliyoloweshwa isopropanoli (aina ya alkoholi) husafiri kama yabisi yenye kimiminika kinachowaka, namba ya mizigo hatari UN 3175. Peroksaidi yenye asidi ya perasetiki ni UN 3149, kioksidishi kinachobabua. Si kila ndege itapakia, na makaratasi yakikosewa mzigo unakaa.

Uhai wa bidhaa. Dawa za kioksidishi zinapungua nguvu zikiwa ndani ya kitambaa, hivyo muda wake ni mfupi kuliko wa dawa iliyo kwenye chupa yake. Ukitoa wiki za meli, forodha na karantini ya ghala lako, muda uliobaki unaweza kuwa mdogo. Uliza tarehe ya kutengenezwa kabla ya kulipa. Na joto la ghala la bandarini lisisahaulike.

Idadi. Kwa chumba cha mleta mada, tukichukua mita za mraba 11 kwa dekio: sakafu 6, kuta 8, dari 6. Sakafu kila siku ya kazi, siku 26, ni madekio 156. Kuta kila wiki, mara 4, ni 32. Dari mara moja kwa mwezi, 6. Jumla 194, kabla hujaweka ya kufuta mabaki na ya dharura ya kumwagika. Ukiamua mL 30 kwa mita, yaani mita za mraba 7 kwa dekio, unapata 9, 13 na 9, na mwezi unafika 295. Muuzaji akikwambia dekio lake linapiga mita 25, mpe mizani ya Deki_Makini.

QA_Viambata

Kwa upande wa kanuni: toleo jipya la Annex 1 ya Ulaya (mwongozo wa kutengeneza dawa tasa) lilitoka Agosti 2022 na kuanza kutumika 25 Agosti 2023, na WHO ina maandishi yanayolingana kwenye ripoti yake ya kiufundi TRS 1044, Annex 2. Hakuna kifungu kinachokuchagulia aina ya dekio. Kinachotakiwa ni hiki: kusafisha kutangulie kuua vijidudu, dawa iwe ya aina zaidi ya moja na ya spora iingie kwa vipindi, mabaki yaondolewe, na dawa pamoja na sabuni za daraja A na B ziwe tasa kabla ya kutumika. Ukizimua mwenyewe, chombo kiwe kimesafishwa na kutakaswa, na muda wa kuhifadhi mchanganyiko uwe umethibitishwa.

Hapo ndipo machaguo yanapotofautiana kwa mzigo wa validesheni (kazi ya kuthibitisha):

Ndoo: thibitisha uhai wa mchanganyiko, kikomo cha eneo kwa ndoo, mzunguko wa otoklevu, ufuaji, idadi ya mizunguko ya dekio.

Kasha: uhai wa mchanganyiko, usawa wa kuloweka, na muda ambao dekio lililoloweshwa linaweza kusubiri ndani ya kasha. Hilo la mwisho linasahaulika sana.

Lililoloweshwa: zaidi ni kumkagua muuzaji, na kupima nguvu ya dawa iliyokamuliwa mwishoni mwa muda wake wa matumizi.

Kwa yote matatu, ufanisi wa dawa upimwe kwenye vipande vya malighafi za chumba chako: epoksi yako, paneli yako, stenlesi, kioo, polikaboneti ya milango. Sura ya 1072 ya USP (kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani) inataja kupungua kwa logi 3 (mara 1,000) kwa bakteria wa kawaida na logi 2 (mara 100) kwa spora. Chukua pia vijidudu vilivyokamatwa kwenye chumba chako mwenyewe. Ukanda wa pwani wenye unyevu, usiache ukungu wa *Aspergillus* na *Penicillium* nje ya orodha, na *Bacillus* wanaoingia na makatoni.

Fundi_Otoklevu

Nimesahau mpini. Watu wanahangaika na kitambaa halafu wanaingiza mpini wa kurefusha wenye nyuzi za skrubu ndani. Maji yanaingia kwenye kiungo, yanakaa humo, na kila ukipiga dari yanachuruzika kupitia kifungio. Chagua mpini wa stenlesi usio na matundu, wa urefu mmoja unaoingia kwenye otoklevu yako. Pima chemba kabla ya kuagiza. Wa kioonyuzi haufai, ukikwaruzika unamwaga nyuzi. Wa alumini unachakazwa na klorini na vioksidishi.

Magurudumu ya toroli la ndoo ndiyo sehemu chafu kuliko zote, na mengi hayastahimili otoklevu. Kasha halina magurudumu. Hiyo pekee ni hoja.

Msimamizi_Zamu

Naelekea kwenye kasha kwa sakafu na kuta. Dari je? Kipimo hicho cha mL 350 si kitatunyeshea?

Deki_Makini

Kitanyesha. Kwa dari shusha kipimo, jaribu kuanzia mL 200, na upunguze eneo la dekio moja ili mL kwa mita zibaki zile zile. Usipunguze dawa huku eneo likibaki lile lile.

Mpangilio: dari, kuta, sakafu, kutoka kwenye hewa inayoingia kuelekea grili, kutoka ndani kabisa kuelekea mlangoni. Mkupuo mmoja mmoja wa mstari ulionyooka, kila mmoja ukipanda juu ya uliotangulia kwa robo ya upana wa dekio. Hakuna kuzungusha wala kwenda na kurudi, hiyo inarudisha ulichookota. Uso wa kichujio cha HEPA hauguswi kwa dekio na haupuliziwi dawa. Fremu inayokizunguka inafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Anayepiga dari asisimame chini ya dekio. Mpini uwe mrefu kiasi kwamba dekio liko mbele yake, mikono chini ya usawa wa mabega. Akinyanyua mikono, dawa inateremka kwenye mpini hadi kwenye kiungo cha glavu na mkono wa vazi. Kitambaa cha vazi kikilowa hakizuii tena vijidudu vya ngozi, na huyo anatakiwa atoke akabadilishe kabla ya kugusa kingine.

Mikrobu_Nairobi

Kwa daraja A, ndani ya uzio wa mashine, weka kando kasha. Hapo tumia vitambaa tasa vilivyoloweshwa kiwandani na kidekio kidogo cha mpini mfupi kisichotoka humo kwenda sakafuni. Kitambaa cha sentimita 23 kwa 23 kikunje mara mbili, unapata nyuso 8. Kila mkupuo uso mpya, kikiisha kinatupwa. Na isopropanoli ya asilimia 70 isihesabiwe kuwa dawa ya spora. Haiziui, na isipochujwa kwa mikroni 0.2 na kupigwa mionzi inaweza kuzibeba yenyewe.

QA_Viambata

Kabla ya kupitisha kasha, fanya jaribio moja mashine zikiwa zimezimwa: changanya raiboflavini (vitamini B2, inayong'aa kwenye urujuanimno) gramu 0.2 kwa lita ya maji badala ya dawa, waache wapiga deki wa kila zamu wafanye kama kawaida, kisha zima taa na upite na taa ya urujuanimno. Sehemu zilizorukwa zitakaa giza. Tazama hasa kona ya ukuta na sakafu, nyuma ya miguu ya mashine, chini ya mkanda wa vichupa na kingo za mlango. Piga picha, weka kwenye ripoti, na osha raiboflavini yote kwa maji siku hiyo hiyo.

Ugavi_Dar

Mkuu, ukiagiza madekio makavu ya kasha, dai mfuko ndani ya mfuko, angalau tabaka mbili, ili la nje livuliwe kwenye dirisha la kupitishia. Baadhi yanakuja na tabaka moja, na hayo yatakuishia daraja C, ngazi iliyo chini ya B.